Samaki wa Kisima cha Kiula

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi bali ya juzijuzi tu, wakati redio moja ilipokuwa ikisikilizwa na vitongoji vitatu, aliishi kijijini kwetu Isalawe mtu aliyeitwa Kiula. Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale kwake, asije akazinduka katikati ya maneno na kuniuliza Kiula ni nani. Kiula ni mchimba visima. Nimeshasema.

Hakuwa mchimba hodari. Alikuwa amechimba visima vitatu maishani mwake. Kimoja kilitoa matope, cha pili kilitoa mawe, na cha tatu kilitoa maji ya chumvi ambayo hata punda aliyaonja, akayaacha, akamgeukia Kiula akamtazama kama mtu aliyemtukana. Lakini mwaka ule mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, na wanawake tulikuwa tukitoka alfajiri kwenda bwawa la wafugaji kugombea maji na ng'ombe. Kiula akasimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema maji yako hapahapa, chini ya kilima, pale ardhi ilipobonyea kama bakuli. Akasema bakuli haliwezi kuwa bakuli bure, lazima liliwahi kushika kitu.

Watu wakacheka. Walicheka mkutanoni, wakacheka njiani, wakaenda kucheka vilabuni. Wakasema Kiula anachimba maji kwenye mfupa. Alipoanza kuchimba, wanawake wakipita na ndoo zao waliinama mdomoni mwa shimo na kumuuliza kama ameshafika kuzimu, na kama amefika, awasalimie wazee. Nami nilicheka. Nilikuwa na meno mazuri wakati huo, na niliyatumia vibaya.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemsaidia, rafiki yake Sombi, waliyeingia naye jando mwaka mmoja. Kiula alikuwa chini na sururu, Sombi alikuwa juu na kamba. Walikuwa wamelaza gogo juu ya miti miwili yenye panda, kamba ya katani ikazungushwa pale, na kila ndoo ya udongo ilipojaa Kiula alipaza sauti, "Vuta," na Sombi akavuta. Na mkewe Kiula, Eliwaza, aliwaletea uji kila adhuhuri akiwa amembeba binti yao Tunu mgongoni, na kila adhuhuri alimwambia mumewe aache. Mumewe alikunywa uji, akarudi shimoni.

Walipofika pima saba, udongo ukaisha. Wakakuta mwamba wa rangi ya majivu, umepangana kurasa kwa kurasa kama msahafu. Ulikuwa unabanduka vizuri, na kwa siku chache kazi ikaenda mbio. Kisha siku moja Kiula akapanda juu kula, akauacha uji ukapoa. Sombi akamuuliza ana nini. Kiula akamwambia kwamba ameona mkia wa samaki ndani ya jiwe, ubavuni mwa kisima.

Sombi alidhani ni njaa. Alimwambia alale kidogo. Kiula akasema maneno ambayo Sombi aliyarudia kwa miaka mingi, neno kwa neno, hata tulipokuwa hatutaki kuyasikia:

"Samaki haishi kwenye vumbi, Sombi. Kama samaki yupo, maji yalikuwepo. Nitalitoa jiwe zima. Atakayetaka kucheka tena, acheke mbele ya samaki."

Mnaona upumbavu huo? Mtu alishuka kutafuta maji, sasa anatafuta ushahidi. Angelipasua lile jiwe kwa sururu akaendelea kwenda chini, pengine leo ningekuwa nasimulia hadithi ya kisima. Lakini dhihaka ilikuwa imemwingia kwenye damu. Akaweka sururu kando, akachukua patasi na mtalimbo, akaanza kulizunguka jiwe polepole, juu, chini, kushoto, kulia, asije akamkata samaki wake. Siku tatu hakwenda chini hata shubiri moja. Alikuwa anakula ubavu wa kisima, na kisima kikabaki na shavu lenye tundu.

Siku ya tatu Eliwaza alichungulia akaona. Alimwambia mumewe ukuta umebaki mtupu, atie magogo ya kuushikilia. Kiula akajibu atatia kesho.

Kesho yake, alasiri, ukuta ukaanza kumwagika. Sombi aliyekuwa juu alisikia kwanza mchanga, kisha mawe madogo, kisha sauti ya Kiula: "Vuta!" Sombi akavuta. Kamba ilikuwa nzito uzito wa mtu, na Kiula alikuwa amekonda kwa ukame kama sote. Akavuta kwa mikono, akavuta kwa mgongo, akakanyaga gogo akavuta kwa miguu, huku akimwambia rafiki yake avumilie, amekaribia, amekaribia. Kilichotokea mdomoni mwa kisima ni jiwe. Jiwe bapa, pana kama meza ndogo, limefungwa kamba mara mbili kwa fundo zuri, mkia wa samaki ukionekana pembeni.

Aliifungua kamba kwa meno, akaitupa tena. Haikuwa na pa kufika. Kisima kilikuwa kimejifunga.

Tulichimba siku moja na nusu kumpata. Wale waliomwuliza kama amefika kuzimu walikuwa wa kwanza kuja na majembe, na msibani walilia kuliko mama yake. Siku ya tisa baada ya mazishi mvua ikanyesha, ikanyesha kama iliyokuwa imejificha nyuma ya mlango ikingoja mtu afe. Kisima kikafukiwa. Hakuna aliyeuliza tena kama maji yalikuwepo, maana sasa yalikuwa kila mahali, hadi kitandani.

Sasa sikilizeni mambo ya mkewe.

Siku ya kuvunja matanga Eliwaza alichukua nyundo ya fundi, akatoka peke yake kati ya wageni, akaenda pale lilipolazwa lile jiwe. Tukamfuata kwa mbali. Hakulia. Alilisimamisha jiwe kwa ubavu wake mwembamba akaligonga. Akaligonga la pili. La tatu, jiwe likafunguka, likalala wazi mapande mawili, na samaki akawa pande zote mbili, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama mtu na kivuli chake.

Jamani, nimeona samaki wengi wa kukaanga, sijaona samaki kama yule. Urefu wake ni kutoka kiwiko hadi vidole. Rangi yake ni ya kahawa iliyokaangwa sana. Magamba yalikuwa yamepangana bila hata moja kukosekana, jicho lilikuwa duara, mdomo ulikuwa wazi kidogo kama anayetaka kuuliza kitu, na mapezi yake yalikuwa yametanuka, vijiti vyembamba vimeyashikilia kama vijiti vya mwavuli.

Eliwaza alimtazama. Alinyanyua nyundo mara ya nne. Akakaa nayo juu muda wa kutosha kuchemsha chai. Kisha akasema, "Kumbe ni wewe," akaiweka nyundo chini, akarudi kwa wageni kuosha vyombo.

Kwa nini hakumponda? Wapo wanaosema moyo ulimlainika. Nilimuuliza mwenyewe baadaye. Alisema mkono ulichoka.

Kijiji kikakaa kikao. Ah, kijiji chetu na vikao! Hakikuweza kukaa kikao kumsaidia mtu kuchimba, lakini kilikaa kuhukumu jiwe. Ikaamuliwa kwamba jiwe limekula mtu, litupwe korongoni. Na nani alitupe? Sombi, kwa sababu ndiye aliyelipandisha. Sombi akayabeba mapande yote mawili kwa punda, akaonekana akielekea korongoni, na jioni akaonekana akirudi na punda mtupu. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Kumbe alikuwa ameyafunga kwenye blanketi lake la pekee na kuyaweka ndani ya kihenge chake, chini ya mtama.

Akayaweka miaka kumi na moja.

Na miaka hiyo kumi na moja tulimwita Mvuta Jiwe. Si mbele yake tu, hata mbele ya watoto wake. Wakati wa kulima kwa zamu, hakuna aliyetaka zamu na mtu aliyemwacha rafiki akavuta jiwe. Wachumba wa binti yake walikuja, wakakaribishwa, wakala kuku, kisha wakauliza kama huyu ndiye yule, wakaambiwa ndiye, wakaaga. Mkewe aliyaona yale mawe chini ya mtama akamwambia achague, yeye au mawe. Sombi hakuyatoa. Mke akaenda kwao mwaka mzima, akarudi mwenyewe, mawe akayakuta palepale.

Eliwaza naye alikuwa na yake. Shemeji yake Mpinga, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja na maneno matamu ya kumrithi. Eliwaza akakataa. Maneno yakapoteza utamu, Mpinga akachukua ng'ombe wa kulimia na shamba la bondeni, akisema ni mali ya ukoo. Eliwaza akaenda kupika uji wa shule, na kwa ule moshi akamkuza Tunu. Huyo Mpinga mkumbukeni tu kwa sura, maana atasimama tena kusema, na atasema vizuri. Watu wa aina yake husema vizuri.

Baada ya miaka kumi na moja akaja mwanamke wa chuo kikuu, Daktari Perpetua Kileo. Wagonjwa walijipanga mlangoni kwake siku ya kwanza, wakagundua kwamba ni daktari asiyejua kutibu hata mafua. Alikuwa daktari wa mawe. Alifikia kwenye nyumba ya wageni ya zahanati, akawa anazunguka kwenye mabakuli ya ardhi yetu akiokota vipande na kuvilamba, na watu wakaanza kumhurumia.

Siku ya nne Sombi akaja kwake na baiskeli, pande moja la jiwe limefungwa nyuma. Akasalimia, akalishusha, akarudi nyumbani kuchukua la pili. Aliporudi alimkuta yule daktari amepiga magoti chini. Mwishowe alimuuliza:

"Baba, unajua umeniletea nini?"

"Jiwe," akasema Sombi. "Nimesikia una mizani. Nataka lipimwe."

Daktari Perpetua alidhani hakusikia vizuri. Alianza kumweleza kwamba huyu ni samaki aliyegeuka jiwe, kwamba wasomi humwita kisukuku, kwamba aliishi ziwani, hapahapa, miaka zaidi ya milioni arobaini iliyopita, kabla hapajawa na mtu wa kumvua. Kwa hiyo Kiula alisema kweli. Maji yalikuwepo. Alichelewa kidogo tu.

Sombi alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema tena anataka lipimwe. Basi, kwa kuwa mizani ya daktari ilikuwa ndogo, wakaazima mizani ya kupimia alizeti, wakayaweka mapande yote mawili pamoja. Kilo hamsini na nne. Sombi akatoa mfukoni kadi ya zahanati, imechakaa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Ilikuwa ya Kiula, alikuwa amepimwa mwezi mmoja kabla hajafa. Kilo hamsini na sita.

Akaketi kwenye ngazi ya zahanati akalia mbele ya mwanamke asiyemjua. Alikuwa amelitunza jiwe lile miaka kumi na moja si kwa sababu ya samaki. Samaki hakumhusu. Alitaka siku moja mtu mwenye mizani amwambie kwamba mikono yake haikuwa na njia ya kujua.

Sasa mnamwonea huruma. Subirini, nina mtu mwingine.

Daktari Perpetua alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akamwambia jiwe hili ni la kawaida, yako mengi, analitaka kwa kufundishia tu, atalirudisha baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti akatia saini bila kusoma. Daktari alijua ni uongo wakati anausema. Alijua tangu alipopiga magoti pale chini. Alikuwa akiogopa kwamba wakijua thamani yake hawatalitoa, au watalivunja wagawane.

Miezi mitatu ikawa miaka miwili. Na miaka hiyo miwili hakustarehe, hilo nalo tuliseme. Alikaa na hadubini na sindano akimtoa samaki kwenye jiwe punje kwa punje. Alihesabu vijiti vya kila pezi. Alihesabu mifupa ya mkia. Alimlinganisha na kila samaki aliyewahi kuandikwa, akaona hafanani na yeyote. Wakubwa zake wakamwambia anaota. Profesa mmoja wa ng'ambo akamwandikia kwamba atamsaidia kuchapisha, mradi jina lake profesa litangulie. Akakataa. Kwa kukataa, chumba chake cha kazi akapewa mwingine, mkataba wake haukuongezwa, akawa anafanyia kazi jikoni kwa dada yake. Macho yakamharibika, leo hasomi barua bila miwani yenye vioo vya chupa. Lakini alithibitisha. Samaki yule hakuwa aina mpya tu, alikuwa ukoo mpya mzima, jenasi kama wanavyosema wao, ukoo uliokwisha wote duniani bila kuacha mjukuu. Hapajaonekana mwingine. Huyo mmoja, mapande mawili.

Akarudi Isalawe na jiwe. Mkutano ukafanyika darasani, watu wamejaa hadi madirishani, maana sasa walikuwa wamesikia kwamba jiwe walilolihukumu kutupwa linazungumzwa redioni. Wote walikuwa wamemjua Kiula. Wote walikuwa wakimwamini tangu mwanzo. Niliwatazama nikatafuta hata mmoja aliyewahi kucheka, nikajikuta niko peke yangu.

Daktari Perpetua akasimama akakiri kwanza. Akasema, "Niliwadanganya. Nilisema ni jiwe la kawaida, na nilijua silo." Kisha akaeleza kilichomleta. Samaki huyu atapewa majina mawili, kama wengine wote. Jina la pili lilikwisha kuwekwa, ni la kijiji, Isalawe, halibadiliki. Jina la kwanza, lile la ukoo, lilikuwa bado. Linaweza kuwa la mtu. Likishachapishwa halifutwi, halihamishwi, litasomwa hata sisi sote tukiwa mavumbi. Mkuu wake wa zamani alikuwa amependekeza jina la mkuu huyohuyo wa zamani. Yeye alionelea waulizwe wenyewe. Jina moja, si mawili, na karatasi inaondoka naye kesho asubuhi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mpinga. Amevaa koti. Akasema kwa niaba ya ukoo kwamba hapa hapana mjadala. Kiula ndiye aliyesema maji yalikuwepo wakati kijiji kizima kinasema hayapo. Kiula ndiye aliyemwona samaki gizani, pima saba chini ya ardhi, akamchonga siku tatu bila kumkwaruza. Mtu mwenye kamba moja akaifunga kwenye kazi yake badala ya kiuno chake, akafa. "Damu ilimwagika kwa ajili ya samaki huyu," akasema Mpinga. "Nani mwingine alimwaga damu?"

Alisema kweli? Alisema kweli. Koti alilovaa lilinunuliwa kwa ng'ombe wa marehemu? Hilo pia ni kweli. Na huyo Kiula wake, je, alikufa kwa ajili ya elimu? Alikufa kwa ajili ya kutushinda ubishi. Au hakukusudia kufa kabisa, alidhani kamba itarudi. Hakuna ajuaye.

Wa pili akasimama Eliwaza. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, wakijua mjane amekuja kumtetea mumewe. Wakajipanga kulia. Eliwaza akasema anadai jina kwa ajili yake mwenyewe.

Darasa likaguna. Mpinga akasema, "Shemeji, usituaibishe."

"Kiula alikuwa na kamba moja," akasema Eliwaza, "na mke juu ya ardhi, na mtoto wa miaka minne. Akalifunga jiwe. Alipanda yeye, mavuno nikavuna mimi. Mlichokiona pembeni ya lile jiwe ni mkia. Mkia tu. Huyu samaki mzima mnayemshangaa, nani alimfungua? Nilikuwa na nyundo mkononi na haki ya kumponda, na hakuna kati yenu ambaye angenizuia. Nikaiweka chini. Mimi ndiye niliyemwacha awepo."

Alisema kweli? Alisema kweli. Bila nyundo yake samaki angebaki gizani ndani ya jiwe, na bila mkono wake kuchoka angekuwa kokoto. Lakini alikwenda pale kuua. Tumpe mtu zawadi kwa sababu alikusudia kuharibu akakosea, kisha akakusudia tena akachoka? Na jina la mume wake aliyekufa analiondoa kwa mkono wake ili aweke lake, mbele ya Tunu aliyekuwa ameketi pale na miaka yake kumi na saba, akitazama sakafu.

Wa tatu hakusimama, alisimamishwa. Sombi alikuwa ukutani, mahali alipozoea kukaa ili asimkwaze mtu. Mwenyekiti akamwita. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hakujua kitu kuhusu samaki na mpaka leo hajui. Lakini kijiji kilisema litupwe, na hakulitupa. Lililala chini ya chakula cha watoto wake. Aliachwa na mke, binti yake aliachwa na wachumba, na bado hakulitupa. Kisha akanyanyua macho.

"Mnaniita Mvuta Jiwe," akasema. "Likiandikwa jina langu, watoto wenu watasoma kwamba nilivuta kitu cha maana. Silitaki kwa heshima. Nalitaka kama dawa."

Watu wakainama. Waliinama kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumwomba radhi. Lakini niulizeni mimi. Huyu alitunza mizani yake, hakutunza samaki. Kama jiwe lile lingekuwa na picha ya chura, au lingekuwa halina picha yoyote, angelitunza vilevile. Na miaka yote hiyo alikiambia kijiji ametupa. Naye pia alidanganya. Jina la milele hupewa mtu kwa kutunza kitu asichokijua?

Wa nne, mwenyekiti akamgeukia Daktari Perpetua mwenyewe. Akamwuliza kama anadai. Daktari akavua miwani akaipangusa. Akasema desturi ya wasomi haimruhusu mtu kujiandika jina lake. Lakini wanakijiji wakimwandika, hatakataa.

"Walionitangulia walikuwa na jiwe," akasema. "Mmoja alilichimba, mmoja akalipasua, mmoja akalificha. Wote watatu walikuwa na jiwe. Aliyewapa samaki ni mimi. Nimemlipia kwa kazi yangu na kwa macho yangu."

Na huyo alisema kweli? Alisema kweli. Bila yeye, jiwe lingerudi chini ya mtama. Na ni mwongo? Amekiri mwenyewe. Alichukua kwa hila kutoka kwa mtu aliyekuwa analia kwenye ngazi, na kama wakubwa zake wangempa cheo na chumba kikubwa, sijui kama tungeliona jiwe tena.

Mwenyekiti akaona jua linashuka, akaamua tupige kura kwa kunyoosha mikono. Wanaotaka Kiula. Mikono ikapanda, msitu mzima. Wanaotaka Eliwaza. Msitu uleule. Wanaotaka Sombi. Msitu. Wanaotaka daktari. Msitu, na wengine wakanyoosha miwili. Mwalimu aliyekuwa anahesabu akaweka chaki chini. Watu wa Isalawe walikuwa wamepata nafasi ya kuwa wema kwa wote kwa bei ya kunyoosha mkono, hawakuikosa. Hakuna aliyethubutu kumnyima mtu usoni. Miaka kumi na tatu nyuma walimnyima Kiula mikono hiyohiyo.

Mkutano ukavunjika hivyo. Mwenyekiti, aliyekuwa ametia saini bila kusoma, akasema safari hii hatatia saini kabisa. Karatasi ikabaki mezani na nafasi yake tupu. Wale watatu walio hai wakabaki darasani, kila mmoja kwenye dawati lake, hawatazamani. Tunu, aliyekuwa ametoka na wengine, akarudi kumchukua mama yake. Akapita mezani, akasimama mbele ya ile karatasi, akamwomba daktari kalamu. Mama yake akamtazama. Mpinga, aliyekuwa mlangoni, akamtazama. Sombi akatazama mikono yake. Daktari akampa kalamu.

Mtoto wa marehemu na wa mjane, aliyemwona Sombi akitemewa mate njiani tangu akiwa na miaka minne, akainama akaandika jina moja. Akakunja karatasi, akamrudishia daktari, na daktari aliposoma akaipangusa tena miwani akasoma mara ya pili.

Jina limechapishwa. Lipo, na halifutiki. Mmoja wa wale wanne alilipata, na wale wasiolipata hawakumsemesha Tunu kwa muda mrefu. Mnanitazama mkidhani nitalitamka. Sitalitamka. Nikilitamka mtasema mlilijua tangu mwanzo, kama wale waliosema walimwamini Kiula tangu mwanzo. Nawajua.

Ishikeni ninyi kalamu ile. Wamesimama mbele yenu: aliyekufa akimtoa, aliyempiga nyundo akamfungua, aliyemficha bila kumjua, na aliyemwiba akamjua. Msininyooshee mikono yote miwili. Nafasi ni moja.

Haya, semeni, nami nasikiliza: samaki yule alistahili kubeba jina la nani?